Rangi ya mbao ikimwagika sakafuni, usikimbilie asidi

MAFUNDI seremala wengi hupaka rangi na vanishi palepale wanapoundia samani, na mara nyingi mahali hapo ni fremu ya kupanga yenye sakafu ya saruji iliyopigwa niru. Kopo likipinduka, au milango kumi ikipakwa rangi huku imeegemezwa ukutani, sakafu hubaki na madoa ya kahawia ambayo maji na sabuni ya unga haviyatoi. Mwenye fremu huyaona siku ya kukabidhiana funguo, na hapo amana ya mpangaji huanza kuyeyuka.

Tatizo hili haliko mijini peke yake. Wenye mashine za kukoboa mpunga na wanunuzi wa mahindi wana viwanja vya zege vya kuanikia nafaka, na baada ya msimu viwanja hivyo hubaki vitupu, vikiwa vikavu na vyenye jua la kutosha. Fundi anayetafuta mahali pa kupakia rangi fremu za milango huona amepata. Msimu unaofuata mpunga humwagwa juu ya madoa yaleyale, na mnunuzi wa kwanza akiuweka mchele puani anauliza maswali.

Katika hali zote mbili, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni asidi. Wengine huchukua ile ya kusafishia vyoo, wengine maji ya betri. Kwa hesabu yangu, hapo ndipo hasara inapoanza kuwa kubwa, kwa sababu doa lenyewe lilikuwa na gharama ndogo kuliko dawa inayotumika kulitoa.

Sababu ni hii. Saruji iliyokauka ina chokaa ndani yake, na asidi hula chokaa. Ule mchemko na povu unaoonekana asidi inapomiminwa si rangi inayotoka, ni sakafu inayoliwa. Rangi ya mbao ya mafuta haiyeyuki katika asidi hata kidogo. Kwenye sakafu ya niru matokeo ni mabaya zaidi, kwa kuwa niru ni ngozi nyembamba tu juu ya plasta. Ikiliwa, chini yake hubaki uso wenye vitundu vingi unaonyonya kila kitu, na doa ambalo lilikuwa juu linapata njia ya kushuka. Fundi anayesema doa "limefifia" baada ya asidi husema kweli kwa namna moja: ameondoa sakafu, na doa limeondoka nayo kidogo.

Jua kwanza doa ni la nini

Rangi ya mbao ina vitu vitatu vinne vilivyochanganywa. Kuna rangi yenyewe, ambayo huweza kuwa unga usioyeyuka au rangi inayoyeyuka kama wino. Kuna kishikizi, yaani mafuta au gundi inayoishikisha rangi kwenye mbao. Halafu kuna kimiminiko cha kuifanya iwe nyepesi: maji, spiriti, tapentaini au tina. Kimiminiko kinaruka hewani, lakini kishikizi kinabaki na kukauka ndani ya vitundu vya saruji. Ukitaka kuitoa rangi, unashughulika na kishikizi kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua vitambaa vyeupe vinne. Kimoja kilowe maji ya moto yenye sabuni, cha pili spiriti, cha tatu tapentaini, cha nne tina. Kila kimoja kibandike kwenye kona yake ya doa kwa dakika tano hivi, kisha ukisugue kidogo. Kitambaa kitakachochafuka zaidi ndicho kitakachokuonyesha dawa ya kununua. Jaribio hili linagharimu vijiko vichache vya kila kimiminiko, na linaokoa fedha ya makopo ambayo yasingefanya kazi.

Hapohapo mwagia tone la maji kwenye sakafu safi iliyo karibu. Likinywewa mara moja, sakafu yako ina vitundu wazi na doa limekwenda chini. Likibaki limekaa kama umande, sakafu ina niru nzuri au iliwahi kupakwa kitu cha kuziba, na kazi itakuwa nyepesi.

Kuna doa jingine ambalo watu hulichanganya na hili. Mbao mbichi, magogo na magamba yakinyeshewa juu ya zege huacha alama za kahawia ambazo hakuna mtu aliyezimwaga. Hiyo ni tanini, kitu kilekile kinachokamuliwa kutoka kwenye magamba ya miwati ya Njombe kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Haina mafuta wala gundi, na tapentaini haiwezi kuigusa. Yenyewe huondoka kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu, ikiachwa dakika 15 hadi 20, ikisuguliwa kwa brashi ngumu na kusuuzwa kwa maji mengi. Kama alama ni nyeusi yenye ubuluu, ujue kulikuwa na msumari au bati lenye kutu karibu. Tanini ikikutana na chuma hutoa wino. Hapo jiki haisaidii sana, na inayotakiwa ni asidi ya oksaliki, gramu 100 hivi kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Hii ni asidi isiyoila sana saruji kama zile za choo na betri, lakini ni sumu ikimezwa, hivyo isikae kwenye chupa ya soda.

Jiki isichanganywe kamwe na asidi yoyote, hata kwa kufuatana kabla ya kusuuza. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika fremu yenye mlango mmoja mtu anaweza asiuone mlango.

Saa ya kwanza

Rangi ikiwa bado mbichi, usiisugue na usimwage maji. Kusugua kunaipanua, na maji juu ya rangi ya mafuta hayafanyi lolote isipokuwa kuisambaza. Mwagia maranda, mchanga mkavu au saruji kavu, ukianzia ukingoni kuelekea katikati, uache vinyonye, uzoe, urudie. Fundi yeyote ana maranda miguuni pake, kwa hiyo hatua hii haina gharama. Baada ya hapo pitisha kitambaa chenye kimiminiko kilekile kilichoandikwa kwenye kopo kuwa ndicho cha kusafishia brashi, ukigandamiza na kuinua badala ya kuburuta. Mwisho ni maji ya moto na sabuni.

Ukifanya hivyo ndani ya saa moja, sehemu kubwa ya rangi haipati nafasi ya kukauka ndani. Ukiacha hadi kesho, unaingia kwenye kazi ya aina nyingine.

Bandiko la unga

Doa lililokwisha kukauka halitoki kwa kusuguliwa kutoka juu, kwa sababu kila ukilegeza rangi kwa tapentaini nusu yake inazama tena. Inabidi livutwe, kama vile jipu linavyobandikwa dawa ili livute usaha. Chukua unga mkavu unaonyonya, kama vile chaki iliyosagwa au udongo mweupe wa kaolini, hata maranda laini yaliyochekechwa. Changanya na kimiminiko kilichoshinda kwenye jaribio la vitambaa hadi upate tope zito kama ugali unaoanza kukaza. Loanisha doa kwa kimiminiko hichohicho, tandaza tope juu yake unene wa sentimita moja, lizidi ukingo wa doa kwa upana wa vidole viwili, halafu funika kwa nailoni. Acha saa 24. Funua, acha likauke kabisa, kisha ulikwangue kwa ubao au plastiki ngumu, si kwa chuma. Kinachotokea ni kwamba kimiminiko kinayeyusha kishikizi, halafu kinapopanda kwenda hewani kupitia kwenye unga kinabeba rangi na kuiacha humo.

Mara moja haitoshi. Tegemea mara mbili au tatu, na ukiona bandiko la tatu limetoka jeupe wakati doa bado lipo, acha kulipa. Kilichobaki ni unga wa rangi ulioshikwa na saruji.

Na hapa kuna hesabu ambayo nadra mtu kuifanya kabla ya kuanza. Doa la sentimita 30 kwa 30, kwa unene wa sentimita moja, linahitaji tope la lita 0.9 tu. Hilo ni jambo la sufuria moja. Mita moja ya mraba inahitaji lita 10. Sakafu nzima ya fremu ya mita 4 kwa 5 inahitaji lita 200, yaani pipa zima, kwa duru moja, na sehemu kubwa ya pipa hilo ni kimiminiko kinachowaka moto. Kwa hiyo bandiko ni dawa ya madoa yanayohesabika. Sakafu iliyochafuka yote haibandikwi.

Kwa rangi za mafuta zilizokauka kuna msaidizi wa bei nafuu ambaye watengeneza sabuni wanamfahamu vizuri, nao ni kostiki soda. Kostiki hugeuza mafuta yaliyomo kwenye rangi kuwa sabuni, na sabuni huoshwa na maji. Gramu 50 kwa lita moja ya maji zinatosha. Kostiki hutiwa kwenye maji kidogokidogo, kamwe maji yasitiwe kwenye kostiki, na chombo kiwe cha plastiki, kwa kuwa kostiki hula sufuria ya alumini na kutoa gesi inayolipuka. Vaa glovu na miwani, maana tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Mwagia, acha nusu saa bila kuacha ikauke, sugua, suuza mara tatu, halafu pitisha maji yenye siki kidogo na kusuuza tena. Maji hayo yasielekezwe kwenye bwawa la samaki wala kisimani.

Baada ya kishikizi kutoka, ndipo jiki inaweza kuwa na maana, na hiyo ni kama rangi ilikuwa ya kuyeyuka, kama zile za unga ambazo mafundi huchanganya na spiriti. Rangi nyingi za kahawia na nyekundu zinazouzwa kwenye makopo hutumia oksaidi ya chuma, na jiki haina uwezo juu yake. Oksaidi hiyohiyo ndiyo inayotiwa kwenye saruji ya zile sakafu nyekundu za nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ambazo hudeki kwa miaka 40 bila kupauka. Ukikumbuka hilo, hutashangaa kwa nini doa lako halitaki kutoka, na pengine utapata wazo jingine, ambalo nitalirudia.

Kuhusu dawa kali za kubandua rangi, ni vizuri ujue kwamba zile zenye metilini kloridi zimeua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa. Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Hakuna amana ya fremu inayofikia thamani hiyo. Petroli nayo isitumike, kwani mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini hadi kwenye jiko la mkaa la mama lishe wa jirani. Mafuta ya taa hayalipuki haraka kama petroli, lakini huacha mafuta yake sakafuni, ukabadilisha doa moja kwa jingine.

Vitambaa vilivyotumika navyo visirundikwe pembeni. Rangi na mafuta ya mbegu za kitani yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vikilundikana joto hilo haliondoki, vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Februari 23, 1991, jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 mjini Philadelphia, Marekani, liliungua kwa zaidi ya saa 18 na wazima moto watatu walikufa. Moto ulianzia kwenye vitambaa vyenye mafuta hayo vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakikarabati kuta za mbao, na jengo hilo hatimaye lilibomolewa. Karakana iliyojaa maranda ingekuwa imekwisha mapema zaidi. Tandaza vitambaa kimoja kimoja nje vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Fremu: kusafisha au kupiga sakafu upya?

Tuseme fremu ni ya mita 20 za mraba na kodi ni Sh150,000 kwa mwezi, ambayo ni Sh5,000 kwa siku. Madoa yaliyotawanyika yakijumlishwa yanafika mita 2 za mraba. Kuyabandika mara mbili kunahitaji lita 40 za tope, vibarua siku mbili za kazi, na siku nne hadi tano za kusubiri.

Kupiga sakafu upya kwa unene wa sentimita 4 ni mita za ujazo 0.8 za plasta. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, hiyo ni takriban mifuko sita ya saruji ya kilo 50, pamoja na mchanga, maji na fundi. Sakafu mpya inataka kumwagiliwa siku saba kabla ya kubebeshwa mzigo, na ukiongeza za kubomoa na kupiga, fremu inakaa kimya siku kumi. Siku hizo peke yake ni Sh50,000 za kodi, kabla hujahesabu mauzo yaliyopotea. Weka bei za dukani kwako upate jibu lako, lakini kwa madoa ya mita mbili sijaona hesabu ambayo kubomoa kunashinda. Madoa yakizidi nusu ya sakafu, mambo yanageuka.

Katikati ya hayo mawili kuna njia ambayo wengi hawaipendi kwa sababu inaonekana kama kukubali kushindwa: kutoa mafuta, kisha kupaka sakafu nzima rangi ya sakafu ya kahawia au nyekundu. Karakana au duka la vifaa vya ujenzi haliuzi zaidi kwa kuwa na sakafu ya kijivu. Sharti ni kwamba kishikizi na mafuta viwe vimetoka kwa kostiki na sakafu imekauka kabisa, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Wanaopendekeza kupiga niru mpya yenye oksaidi juu ya sakafu ya zamani wasisahau kwamba niru nyembamba haishiki kwenye saruji ngumu na laini. Ni lazima sakafu igongwe kwa tindo ipate mikwaruzo, iloweshwe, na oksaidi isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa saruji.

Makubaliano haya yafanyike na mwenye fremu kabla kazi haijaanza, na yaandikwe. Mpangaji anayepaka sakafu nyekundu bila kuuliza anaweza kulipa mara mbili.

Uwanja wa nafaka ni habari nyingine

Kwenye fremu tunazungumzia sura ya sakafu. Kwenye uwanja wa kuanikia, sura si kitu. Doa la kahawia lililokauka miaka mitano iliyopita linaweza kukaa hapo bila kumdhuru mtu, wakati sehemu isiyo na alama yoyote lakini iliyomwagikiwa tina wiki iliyopita ikaharibu magunia.

Uwanja wa zege ulijengwa ili nafaka isiguse udongo na ikauke haraka, mahindi yafike unyevu usiozidi asilimia 13.5 unaotakiwa na viwango vya Afrika Mashariki. Nafaka isiyokauka vizuri huota ukungu wa sumukuvu. Kenya ilikuwa na wagonjwa 317 mwaka 2004, na 125 kati yao walikufa. Kwa hiyo kuufunga uwanja wote kwa hofu ya doa na kurudisha mahindi chini kwenye udongo ni kukimbia moshi na kuingia motoni. Kinachotakiwa ni kutenga sehemu iliyochafuka na kuendelea na iliyobaki.

Sehemu yenye rangi ya mbao ipimwe hivi. Siku ya jua kali, tandaza nailoni juu ya doa, gandamiza kingo zake kwa mchanga, acha saa mbili mchana. Inua upande mmoja na unuse. Ukisikia tapentaini au tina, bado. Weka pia karatasi nyeupe juu ya doa na tofali juu yake; ikitoka na alama ya mafuta, bado. Rudia bandiko na kostiki, suuza zaidi ya unavyodhani inatosha, na uache jua lifanye kazi yake kwa wiki kadhaa kabla ya kupima tena. Hata likipita, tumia turubai safi msimu wa kwanza.

Kipimo hicho hakifai kwa vitu viwili. Cha kwanza ni oili chafu ya magari, ambayo wakulima wengi hupaka nguzo na mbao za mabanda dhidi ya mchwa. Oili hiyo hubeba masalia ya metali na kemikali za kuungua zisizo na harufu ya kumtahadharisha mtu. Cha pili ni majimaji ya kijani yanayochuruzika kwenye nguzo zilizotoka kuwekwa dawa ya CCA, yenye shaba, kromiamu na arseniki. Hapo usisafishe, kata. Chora mstari sentimita 10 nje ya ukingo wa doa, lowesha maji ili vumbi lisiruke, maana vumbi la zege huharibu mapafu, na uchimbe hadi ufikie zege safi, kina kisipungue sentimita 5. Vifusi visitupwe shambani wala kutumika kwenye banda la kuku. Jaza zege jipya la moja kwa mbili kwa nne, limwagilie siku saba, na usianike kitu juu yake hadi siku 28 zipite.

Uwanja ukiwa wa ushirika au wa kukodi, mwenye kuuangalia aandike kwenye daftari nani aliutumia msimu usio wa mavuno na kwa kazi gani. Fundi anayeomba kupakia milango hapo akubaliwe akileta turubai la plastiki lake mwenyewe na maranda ya kutandaza juu yake, naye alipe amana inayolingana na gharama ya kukata na kujaza mita moja ya mraba ya zege.